Nambari Thelathini na Moja

Wanjira alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa kwenye mkutano ambamo kijana mmoja mwenye miwani alikuwa akitueleza maana ya jaribio la awali kana kwamba yeye ndiye aliyelizaa na kulinyonyesha. Nilitoka nje ya ukumbi nikashukuru. Wanjira hana salamu ndefu, hajawahi kuwa nazo. "Gathoni, Mama Njoki anakuuliza. Siku hizi anakaa kwa binti yake, hapo hapo Gatitu, na ameniambia nikupeleke Jumamosi. Usiniambie ati uko na kazi." Nikamwuliza kama ni mgonjwa. "Mgonjwa wapi! Ako na miaka themanini na tatu na anakula kunishinda. Anataka tu kukuona." Nikasema sawa, nitakuja. Nilirudi kuketi, na kwa saa nzima iliyobaki sikusikia neno hata moja la yule kijana. Kuna jambo nililomficha Mama Njoki tangu mwaka wa tisini na sita, na nilikuwa nimeshajizoesha kuamini kwamba nitazikwa nalo.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nina cheti cha ualimu na sina shule ya kufundisha. Nikapata kazi katika mradi mdogo mjini Nyeri, vyumba vitatu juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Sakafu ilikuwa ya mbao, na harufu ya dawa ya kupe ilipanda kupitia nyufa mpaka ukaanza kuionja kwenye chai. Tulikuwa na kompyuta tatu. Kila moja ilifunikwa kitambaa cha kufuma kwa uzi mweupe, sawa na vile vinavyofunika makochi ya sebuleni, na jioni tulivirudisha kwa heshima kana kwamba tunalaza watoto. Kazi yetu ilikuwa kutengeneza masomo ya makarani wa maziwa, wale wanaopokea maziwa ya wakulima na kuyapima, ili wajifunze kwa kompyuta badala ya kukaa darasani wakisinzia. Leo hilo ni jambo la kawaida, mtu anajifunza akiwa kitandani, simu kifuani. Wakati ule, watu wa Nyeri waliokuwa wamewahi kugusa kompyuta wangetosha kwenye benchi moja la kanisa, na wangebaki na nafasi ya kuweka mikoba yao.

Mkubwa wetu alikuwa Mwalimu Ndirangu, mwanamume mrefu aliyefundisha chuo cha ualimu kwa miaka mingi na aliyependa istilahi kuliko alivyopenda chakula. Alibandika ukutani karatasi kubwa ya manila yenye maneno yote ya kazi yetu: moduli, lengo la somo, jaribio la awali, mrejesho. Mimi ndiye niliyeajiriwa kuyatafutia maneno hayo Kiswahili chake na kuandika masomo yenyewe. Kila skrini tuliichora kwanza kwenye karatasi, tukazipanga karatasi ukutani kwa gundi ya unga, moja baada ya nyingine, ndipo Wanjira azitie kwenye mashine. Wanjira alikuwa msichana wa Kerugoya, mwembamba, mwenye mdomo, na ndiye peke yake aliyeijua kompyuta kwa ndani. Alikula githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, mbele ya kibodi, jambo lililokatazwa kwa tangazo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelipiga chapa.

Mrejesho ndio uliokuwa ugonjwa wa Mwalimu. "Mashine isimwambie mtu amekosea halafu ikanyamaza," alituambia, akitembea huku mbao zikilia chini ya viatu vyake. "Hicho ni kiboko, si mrejesho. Imwambie amekosea wapi, na impe nafasi ajaribu tena." Tukabishana siku mbili nzima kuhusu maneno ya kumwambia karani aliyekosea. Mwishowe tukakubaliana skrini iandike: Si hivyo. Rudi nyuma, utazame tena. Wanjira akasema hayo ni maneno ya kumwambia mwanamume, si karani wa maziwa, na Mwalimu akajifanya hajasikia.

Nilipanga chumba Gatitu, nje kidogo ya mji, nyuma ya nyumba ya Mama Njoki. Kilikuwa chumba cha mbao, kitanda, meza, na dirisha dogo lililotazama mti wa parachichi. Kati ya chumba changu na jikoni kwake palikuwa na ukuta wa mbao tu, kwa hiyo maisha yake yote yalinifikia: kuni zikivunjwa, sufuria ikifunikwa, yeye na binti yake Njoki, aliyekuwa kidato cha tatu, wakizungumza. Sikulipia chakula, lakini kabla ya mwezi wa kwanza kwisha nilikuwa nakula pale kila jioni. Mukimo wake! Nimekula mukimo wa hoteli na wa harusi, na hakuna ulioufikia ule, wenye viazi vilivyopondwa, mahindi laini na majani ya malenge mengi, na mchuzi wa nyama pembeni siku za Jumapili. Mama Njoki mwenyewe alikuwa karani wa maziwa. Kila alfajiri kwa miaka kumi na tisa alipanda kwenye kituo cha ushirika juu ya barabara akapokea maziwa ya watu, na kazi hiyo ndiyo iliyomweka Njoki shuleni. Usiku mmoja nilimsikia ukutani akimwambia binti yake, "Huyu Gathoni wetu anafundisha kompyuta kusema. Ati tutakuwa tunaiuliza maneno na inajibu." Njoki akacheka. Mimi nikajikunja kitandani kwa fahari.

Ushirika wao ndio uliokubali kuwa wa kwanza kuyajaribu masomo yetu. Makarani thelathini na mmoja kutoka vituo vyao vyote wangekuja kwenye ukumbi mmoja kule Mweiga, tuwape kwanza jaribio la awali, halafu masomo ya wiki tatu, halafu mtihani wa mwisho. Jioni ya kuamkia siku ya kwanza, Mama Njoki alinipakulia chakula, akaketi mbele yangu bila kujipakulia.

"Gathoni, niambie ukweli. Hii kitu ya kesho ni mtihani?"

"Si mtihani, mama. Ni jaribio la awali. Linatuonyesha mnajua nini na hamjui nini, ndiyo tujue tuanzie wapi kufundisha. Halina kupita wala kuanguka."

"Na kama mtu hajui?"

"Kila swali lina kitufe kimeandikwa Sijui. Ukijua, jibu. Usipojua, bonyeza hicho. Usibahatishe tu, kwa sababu ukibahatisha utatudanganya, tutafikiri unajua. Hakuna mtu atakuhukumu."

"Nisibahatishe," alisema, polepole, kama mtu anayepewa maagizo ya dawa. Kisha akajipakulia, akala.

Tulizibeba kompyuta mpaka Mweiga kwa pikapu, tumezifunga kwa mablanketi, Wanjira ameketi nyuma pamoja nazo akizishika. Makarani waliingia watatu watatu. Nakumbuka kelele zao za uoga na mzaha. Mzee mmoja alifumba macho kabisa akawa anabonyeza popote, akisema Mungu atamwongoza. Wengine walipigana viwiko na kunong'onezana majibu. Hakuna aliyeamini kwamba si mtihani. Wangeaminije? Hawa ni watu ambao tangu utotoni karatasi yenye maswali iliwapeleka juu au ikawarudisha shambani, basi, hakukuwa na ya tatu. Mama Njoki peke yake alisoma kila neno kidole kikiwa juu ya skrini. Swali la kwanza liliuliza juu ya "uzito mahususi" wa maziwa. Nilimwona akilisoma mara mbili, midomo ikitembea, akabonyeza Sijui. Swali la pili liliuliza juu ya "ughushi". Sijui. Maneno hayo niliyatoa kwenye kamusi mimi mwenyewe, na niliyapenda sana. Alibonyeza Sijui mara kumi na saba kati ya maswali ishirini, akainuka, akanitabasamia kama mtu aliyefanya alivyoombwa.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana nimelizunguka vya kutosha. Mwalimu aliniachia maagizo kabla ya kusafiri kwenda Kerugoya kwa shughuli za siku mbili: nihesabu kila swali wangapi wamelijibu na wangapi hawakulijua. Basi. Majina hayahitajiki. Nikafanya hivyo, na ilinichukua nusu saa. Halafu nikaitazama karatasi hiyo nikaiona ni uchi. Mimi nimesoma shule ambako matokeo yasiyo na nambari hayakuwa matokeo. Kila mwisho wa muhula tulisimamishwa uwanjani tukasomwa kuanzia wa kwanza mpaka wa mkia, na wa mkia alijulikana hadi sokoni. Mkono wangu haukujua njia nyingine. Nikaandika majina yote thelathini na moja, nikayapanga kwa alama, nikaweka nambari pembeni, nikapiga mstari chini ya kichwa. Ikatoka kwenye printa ikiguruma, karatasi ndefu yenye matundu pembeni, safi kabisa. Niliipenda. Wala sikutazama nani alikuwa chini, nilitazama jinsi mistari ilivyonyooka.

Mchana huo Bwana Theuri, meneja wa ushirika, alipita ofisini kuuliza mambo yanaendaje. Mtu mchangamfu, kofia mkononi. Aliiona karatasi mezani. "Haya ndiyo matokeo? Hebu nipe kopi niangalie watu wangu." Wanjira alikuwa ameenda posta. Ningesema ngoja Mwalimu arudi. Nilikuwa na nafasi ya kulisema hilo, na mdomo ninao. Badala yake nikaichomoa karatasi, nikampa kwa mikono miwili, nikafurahi alipotikisa kichwa kwa kuridhika akasema, "Hii ndiyo kazi."

Kesho yake ilikuwa imebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kila kituo, pale ambapo mkulima anayeleta maziwa hana budi kupita. Niliambiwa jioni, mezani, na Mama Njoki mwenyewe. Hakupandisha sauti. "Nimekuwa wa thelathini na moja," alisema. "Na tuko watu thelathini na mmoja." Njoki aliacha kula akamtazama mama yake. "Meneja ametuita. Amesema sita wa mwisho tupumzike mwezi ukiisha, alete vijana waliosoma. Leo Mzee Wahome ameniletea maziwa na akaniuliza kama nitaweza kuyapima kweli. Miaka kumi na tisa nampimia." Akaninyooshea sahani ya mukimo. Nilikula vijiko vitatu, nikasema tumbo linaniuma. "Pole, mama," nikasema. Nikaingia chumbani kwangu nikakaa kitandani na viatu. Ukutani nilimsikia Njoki akisema, "Si uliambiwa si mtihani?" na mama yake akimjibu, "Kula." Ngai, nilijichukia! Wengine wote walibahatisha wakapata alama za bahati. Mtu mmoja tu aliniamini, na ndiye aliyekaa mkiani.

Asubuhi nilimwambia Wanjira. Alinitazama mdomo wazi, kijiko cha githeri hewani. "Wewe! Ulimpa na majina?" Nikaitikia. "Na nambari?" Nikaitikia. "Haiya," akasema, akaweka kijiko chini. Mwalimu aliporudi nilimfuata kabla hajavua koti, nikamweleza yote nikiwa nimesimama, nikijua kwamba naweza kuondoka pale bila kazi. Aliketi. Akavua miwani akaipangusa kwa tai.

"Nani alikuomba nambari?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Sasa ulizitoa wapi?"

"Shuleni," nikasema.

Akacheka bila kutaka, mara moja, kisha uso ukarudi mzito. Alinieleza, bila kupaza sauti, nilichokuwa nimekiandika mwenyewe kwenye ile manila kwa kalamu nyekundu: kwamba jaribio la awali ni la mfundishaji, linamwonyesha yeye aanzie wapi, na siku linapotoka mkononi mwake likawa la mwajiri, limekufa, na hakuna mtu atakayesema ukweli mbele yake tena. Nilikuwa nimelia kufikia hapo. Akaniachia nimalize. "Si hivyo," akasema hatimaye. "Rudi nyuma, utazame tena." Nikajua sijafukuzwa. Sijawahi kuyasikia maneno yale tena bila kumkumbuka, na mpaka leo nayaweka katika kila somo ninalotengeneza, hata vijana wakisema ni ya kizamani.

Alikwenda kwenye kamati ya ushirika siku hiyo hiyo, na mimi nyuma yake nimebeba mafaili. "Ofisi yangu imekosea," aliwaambia. "Karatasi hiyo haikupaswa kutoka, na haisemi mnavyofikiri inasema." Ofisi yangu. Hakunigeukia hata kwa jicho. Nilikuwa nimekaa mita mbili kutoka kwake, na ningeweza kusimama nikasema ni mimi, nikanyamaza. Bwana Theuri alisema karatasi ni karatasi. Wazee wa kamati wakavutana kwa muda mrefu, na mwishowe wakakubaliana: ubao usafishwe, hakuna atakayeondolewa sasa. Lakini baada ya zile wiki tatu kuna mtihani wa mwisho, na huo ni mtihani kweli. Atakayeanguka, ataenda nyumbani.

Kwa hiyo tulikuwa na wiki tatu za kumwokoa Mama Njoki, ingawa kwenye manila tuliandika tu "kurekebisha moduli". Mwalimu alinipa daftari akanituma kituoni. "Andika wanavyosema wao," akasema. "Usiandike unavyojua wewe." Nilipanda barabara pamoja na Mama Njoki kabla jua halijachomoza, baridi ya mlimani ikiuma masikio, nikaketi juu ya mkebe uliopinduliwa nikamtazama. Hakuwa yule mama wa kwenye kompyuta. Alifungua mkebe, akanusa kifuniko kwanza, si maziwa, kifuniko, na tayari alikuwa anajua. Akatumbukiza laktomita, kile kioo kinachoelea na kuonyesha kama maziwa ni mazito ama mepesi, akaisoma bila kuinama. "Hii imebatizwa," alimwambia mwanamume mmoja, na mwanamume akarudi na mkebe wake bila kubisha. Huo ndio ughushi wangu, maziwa yaliyotiwa maji. Ule uzito mahususi, wao waliuita "namba ya laktomita", na waliujua vidoleni. Mwingine alipoleta maziwa yanayotoa mvuke, alimwambia, "Hii imetoka kwa ng'ombe sasa hivi. Weka hapo ipoe, saa hii laktomita itakusingizia." Nilijaza daftari lote. Hilo la mwisho sikuliandika. Niliona ni mazungumzo tu.

Tulibandua karatasi zote ukutani. Wanjira alilalamika kwa Kiswahili, kwa Kikuyu na kwa lugha nyingine aliyoitunga. "Ati nirudie skrini arobaini? Kwani mimi ni punda?" Akazirudia zote, na umeme ulipokatika akatoka akakaa kwenye ngazi akiungoja na disketi mapajani, kwa hofu ya kuzipoteza. Wakati huo makarani walikuwa wanakuja ukumbini kwa zamu kujifunza, na kilichomshinda Mama Njoki si masomo, ni kipanya, ambacho jaribio la awali halikukihitaji. Kilimkimbia mkononi. Jioni nilimkuta jikoni anasukuma kipande cha sabuni juu ya meza, kushoto, kulia, juu, na kukigonga kwa kidole, Njoki akimwelekeza: "Sasa nenda kwa chumvi. Bonyeza chumvi." Alibonyeza chumvi, akabonyeza majani ya chai, akabonyeza kiwiko cha Njoki. Tukacheka wote watatu, na nikacheka kwa hofu, kwa sababu kila usiku ulikuwa unatupunguzia siku moja.

Siku ya mtihani wa mwisho kamati nzima ilikuja, na Bwana Theuri na kofia yake. Safari hii hakuna aliyefumba macho. Wanjira alipokusanya majibu tukamrudia Mwalimu kwenye chumba kidogo nyuma ya ukumbi, Bwana Theuri akitufuata, na mimi nikaanza kutafuta jina moja tu. Alikuwa na kumi na tisa kati ya ishirini. Nilitaka kupiga kelele. Wote walikuwa wamepita, hata yule mzee wa Mungu atamwongoza. Lakini Mwalimu alikuwa ameinamia swali la kumi na nne. Makarani thelathini walikuwa wamelipata, mmoja alikuwa amebonyeza Sijui. Swali lilisema: laktomita imesoma ishirini na sita, maziwa haya yana shida gani? Jibu letu lilikuwa kwamba yametiwa maji, maana namba hiyo iko chini ya kawaida. "Muite," Mwalimu akasema. Nikaenda kumwita, nikidhani Bwana Theuri amepata tundu la kupitia.

Mama Njoki alisimama mlangoni, mikono ndani ya sweta. Mwalimu akamwuliza kwa upole kwa nini amesema hajui.

"Kwa sababu sijui," akajibu. "Hamkuniambia kama maziwa ni ya moto ama baridi. Ikiwa ni ya moto, laktomita inashuka, na maziwa ni mazuri tu. Nikisema imetiwa maji nitakuwa nimemwita mtu mwizi na hajaiba."

Bwana Theuri, ambaye zamani alikuwa amepokea maziwa kama yeye, alijikuna shingo akasema, "Ni kweli. Hiyo ni kweli kabisa." Mwalimu Ndirangu akachukua kalamu yake akalikata swali la kumi na nne kwa mstari mmoja, akanitazama juu ya miwani, na mimi nilijua ni sentensi gani iliyokuwa nyuma ya macho yale. Hakuna aliyepumzishwa. Bwana Theuri aliwatangazia pale pale ukumbini, na mwaka uliofuata karani mpya yeyote alipoajiriwa, alipelekwa kwanza wiki mbili kwa Mama Njoki. Mimi nilikwenda nyuma ya ukumbi, karibu na tangi la maji, nikalia mpaka nikashiba. Jioni nilikula sahani mbili za mukimo, na mchuzi ulikuwepo ingawa haikuwa Jumapili.

Mngedhani hapo ningemwambia. Sikumwambia. Alikuwa na furaha, na nilijiambia nisimharibie. Wiki iliyofuata nikajiambia muda umepita. Mwaka ukaisha, mradi ukaisha, nikahamia Nairobi nikaingia kazi hii ya masomo ya kompyuta ambayo imenilisha mpaka leo. Nilimtembelea Krismasi mbili, tatu, kisha nikawa natuma salamu tu. Sababu si umbali, sababu ni ile meza yake ya chakula. Kila nilipowafundisha vijana jinsi ya kulinda majibu ya wanaojifunza, nilisimulia kisa cha Nyeri, na kila mara nilisema, "Kuna mtu mmoja ofisini kwetu alitoa karatasi." Mtu mmoja.

Jumamosi Wanjira alinichukua kwenye kituo cha basi, mnene sasa, mdomo ule ule. Nyumba ya Njoki ni ya mawe, na Njoki mwenyewe ana mvi na ni mwalimu wa kemia, jambo lililonifanya nimkumbatie mara mbili. Mama Njoki alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Njoki alipoleta chai, mama yake aliinusa kabla ya kunywa. Tulizungumza juu ya watu waliokufa na waliozaa. Chakula kikaletwa, na kilikuwa kile kile, nikakitazama nikaona siwezi. Nikaweka kijiko chini. Nikasema, "Mama, ile karatasi ya nambari, ile ya ubao. Ni mimi niliyeiandika. Na ni mimi niliyempa meneja."

Wanjira aliacha kutafuna. Mama Njoki alinitazama, macho yake yamefifia lakini hayajachoka.

"Najua," akasema.

"Nani alikuambia?" Nilimgeukia Wanjira, naye akainua mikono miwili juu.

"Hakuna. Jioni ile uliacha mukimo. Wewe, kuacha mukimo!" Njoki akaangua kicheko, na mama yake naye akacheka, mabega yakitikisika chini ya blanketi. "Nikajua hilo si tumbo."

Nilikuwa nacheka na kulia, aibu ya miaka yote hiyo ikinitoka puani pamoja na machozi. "Sasa mbona hukuniuliza? Miaka yote hii?"

"Si ulinifundisha mwenyewe? Nisibahatishe." Alijipangusa jicho kwa ncha ya blanketi. "Nikangoja useme."

Kisha akanyoosha mkono, ule uliokuwa ukisukuma sabuni mezani, akaisogeza sahani yangu mbele yangu.

"Haya, umesema," akaniambia. "Sasa maliza chakula."

Nikamaliza.